Kifua kinabana kila Jumatatu kwenye kiwanda cha kahawa: ni pumu au ni vumbi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 34, ninafanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa mkoani Kagera na huu ni msimu wangu wa tano. Ninamwaga magunia ya kahawa ya maganda kwenye hopa, yaani mdomo mpana wa kulishia mashine, na jioni tunafagia. Tangu msimu uliopita, Jumatatu ikifika alasiri kifua kinabana na ninakohoa, usiku ninapata homa na viungo vinauma. Katikati ya wiki hali inapoa kidogo. Jumapili ninakuwa na nafuu, na kiwanda kikifunga msimu ninakuwa mzima kabisa. Zahanati wamenipa antibayotiki mara kadhaa, na TB nimepimwa mara moja, haikuonekana. Sivuti sigara. Bosi anatupa maziwa kila siku ili yasafishe vumbi kifuani. Je, hii ni pumu? Maziwa yanasaidia? Niache kazi? Na mdogo wangu wa kiume, mwenye pumu tangu utotoni, anataka kuja kufanya kazi hapa msimu ujao. Nimruhusu?

JIBU: Marahaba, dada. Umefanya jambo moja muhimu sana katika swali lako: umetaja siku. Wagonjwa wengi wa kifua hutuambia "nakohoa", basi, na sisi madaktari tukiwa na foleni ndefu mlangoni tunaandika dawa ya kikohozi bila kuuliza mtu anafanya kazi gani. Wewe umesema Jumatatu, umesema alasiri, umesema Jumapili, umesema kiwanda kikifunga. Ugonjwa unaofuata ratiba ya kazi namna hiyo unatoka kazini hadi itakapothibitishwa vinginevyo, na maelezo yako yana uzito kuliko picha ya eksirei, ambayo kwa mtu wa hali yako mara nyingi hutoka safi.

Nianze na hilo la Jumatatu, maana ndipo ulipo ufunguo. Watu waliofanya kazi kwenye vumbi la pamba, kitani na katani wanaijua hali hii kwa vizazi vingi. Mfanyakazi anapumzika mwisho wa wiki, anarudi Jumatatu, na kabla zamu haijaisha kifua kinamkaza. Jumanne ni afadhali, Ijumaa karibu amesahau. Hata kwenye viwanda vyetu vya katani hapa Tanzania hali hiyo imeonekana, hasa kwa wale wanaosafisha nyuzi kwa mashine ya brashi, ambako vumbi ni zito. Kahawa si katani, lakini vumbi la mimea lililokaa na unyevu lina kitu kimoja cha pamoja, nacho ni mabaki ya bakteria.

Fikiria safari ya hiyo kahawa yako kabla haijafika kwenye gunia. Kahawa ya robusta ya Kagera kwa kawaida haimenywi ikiwa mbichi. Tunda zima linaanikwa na ganda lake kwa wiki kadhaa, mara nyingine juu ya udongo mtupu. Mvua ikinyesha inafunikwa, jua likitoka inafunuliwa. Ganda lile lina sukari, na sukari pamoja na unyevu huzaa bakteria na ukungu. Kahawa inapokauka, bakteria wengi wanakufa, ila kuta zao zinabaki zimeganda kwenye ganda. Sehemu ya kuta hizo inaitwa endotoksini. Jua haliimalizi, kukaa ghalani hakuimalizi. Mashine ya kukoboa inapolivunja lile ganda, endotoksini inaruka hewani pamoja na vumbi, na wewe uliyeinama juu ya hopa ndiye wa kwanza kuivuta.

Hili limepimwa hapa hapa nchini. Mtafiti Gloria Sakwari na wenzake wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, waliwavisha wafanyakazi wa viwanda vya kahawa vya Tanzania pampu ndogo za kunasa hewa wanayovuta. Viwanda vya robusta iliyoanikwa na maganda vilikuwa na endotoksini nyingi kuliko viwanda vya arabika, ambayo humenywa na kuoshwa kwa maji kabla ya kukaushwa. Wataalamu wa Uholanzi wamependekeza kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya yuniti 90 (EU) za endotoksini katika kila mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa nane. Katika viwanda vyetu ilikuwa kawaida kukuta kiwango kilichozidi hapo mara nyingi, na robusta ndiyo iliyoongoza. Wafanyakazi wa kahawa pia walikuwa na dalili nyingi zaidi zinazofanana na pumu kuliko wenzao wa kiwanda kisicho na vumbi hilo. Kwa hiyo kinachokupata si udhaifu wa mwili wako wala si "kifua cha ukoo wenu", kama watu wanavyopenda kusema.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa utaelewa pia kwa nini antibayotiki hazikukusaidia.

Vumbi kubwa linakwama puani na kooni, ndilo lile unalolipenga jioni likiwa la kahawia. Chembe ndogo kuliko mikromita 10, ambazo jicho halizioni moja moja, zinapita hadi kwenye mirija ya mapafu, na zile ndogo zaidi zinafika kwenye vifuko vya hewa kabisa. Huko kuna chembehai za ulinzi zinazozunguka na kumeza uchafu. Zikigusa endotoksini zinaitambua mara moja, kwa sababu miili yetu imeumbwa kuogopa bakteria wa aina hiyo. Zinatoa kemikali za kuita msaada. Ndani ya saa chache chembe nyeupe za damu, zile zinazoitwa nyutrofili, zinamiminika kutoka kwenye mishipa ya damu na kuingia kwenye kuta za mirija ya hewa. Kuta zinavimba, tezi zinatoa ute, misuli inayozunguka mirija inakaza. Hesabu hizo saa utaona kwa nini unaingia kazini asubuhi ukiwa mzima na kifua kinabana alasiri. Sehemu ya kemikali hizo inaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo, na hapo unapata homa, baridi na maumivu ya viungo usiku. Unaweza kudhani ni malaria, ukapima, ukaambiwa huna.

Mwili ukipigwa na endotoksini siku mbili tatu mfululizo, chembe zile za ulinzi zinapunguza makelele kwa muda. Ndiyo nafuu yako ya katikati ya wiki. Jumapili unapumzika, zinarudi kwenye ukali wake, Jumatatu zinawaka upya. Naomba nafuu hiyo ya Alhamisi isikudanganye. Njia za hewa bado zimevimba, ila kengele imepunguzwa sauti. Kinachojengeka polepole, msimu hadi msimu, ni kikohozi cha makohozi kisichoisha, kuta za mirija zinazonenepa, na pumzi inayopungua haraka kuliko umri unavyodai. Dalili zako bado zinaondoka kabisa kiwanda kikifunga. Hiyo ni habari njema, na ndiyo sababu ninakuomba usisubiri msimu mwingine.

Antibayotiki huua bakteria walio hai. Wewe umevuta vipande vya bakteria waliokufa zamani kwenye kichanja au kwenye kiwanja cha kuanikia. Hakuna cha kuua. Kama uliwahi kupata nafuu baada ya kumeza vidonge hivyo, yawezekana kabisa ni kwa sababu ulipewa na mapumziko.

Je, ni pumu? Kwa ulivyoeleza, homa ya usiku na mtindo wa Jumatatu vinaelekeza kwanza kwenye sumu ya vumbi la mimea niliyoieleza hapo juu. Lakini kuna njia ya pili, na lazima tuitofautishe, kwa sababu uamuzi wa kuacha kazi unategemea hapo. Hiyo ya pili ni mzio. Punje mbichi ya kahawa ina protini ambazo mwili wa baadhi ya watu, baada ya miezi au miaka ya kuzivuta, huamua kuzifanya adui. Unaweza kufanya kazi misimu mitatu bila tatizo, wa nne ukaanza kupiga chafya, macho yakawasha, pua ikatiririka, kisha kifua kikaanza kupiga mluzi. Wenye mzio kwa kawaida hali huwa mbaya zaidi kadiri wiki inavyosonga, Ijumaa ni mbaya kuliko Jumatatu, na wengine wanaamka usiku wa manane wakitafuta hewa. Kiasi kidogo tu cha vumbi kinatosha kuwachokoza, hata lile lililokaa kwenye nguo za mwenzao. (Kukaanga kahawa huharibu sehemu kubwa ya protini hizo, ndiyo maana mtu mwenye mzio wa vumbi la kahawa mbichi anaweza akanywa kikombe chake bila shida.) Wanaooka mikate wana ugonjwa wa namna hiyo hiyo unaotokana na unga wa ngano na vimeng'enya vinavyochanganywa humo. Ni miongoni mwa aina za pumu ya kazini zinazojulikana zaidi duniani, na Ramazzini, daktari wa Italia, alikwisha kuandika juu ya vifua vya waokaji na wapima nafaka mwaka 1700.

Hali hizi mbili zinaweza kukaa kwa mtu mmoja. Ipo pia ya tatu, adimu zaidi, ambapo vifuko vya hewa vyenyewe vinavimba. Mtu anapungua uzito, anaishiwa pumzi akipanda kilima alichokuwa akikipanda akiimba, na homa inajirudia. Ukiona pumzi inakuishia hata miezi ambayo kiwanda kimefungwa, mwambie daktari hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Na TB tusiiweke kando kwa sababu tu umepimwa mara moja. Ukipata kikohozi cha wiki mbili au zaidi kisichofuata ratiba ya kazi, jasho la usiku hata nje ya msimu, kupungua uzito au damu kwenye makohozi, nenda ukapimwe tena, makohozi yapite kwenye mashine ya vinasaba na si hadubini peke yake. Mtu wa kiwandani anaweza kuwa na vyote viwili. Kadhalika moshi wa kuni jikoni unachangia kuchokoza njia za hewa, ingawa moshi haujui Jumatatu ni siku gani.

Jinsi ya kuthibitisha ni rahisi kuliko unavyofikiri, na sehemu kubwa utaifanya mwenyewe. Kuna kifaa kidogo cha plastiki cha kupuliza kinachoonyesha kasi ya pumzi yako, kinapatikana kwenye maduka makubwa ya dawa. Vuta hewa hadi mwisho, banisha midomo, puliza kwa nguvu zako zote mara moja kama unayezima mshumaa ulio mbali. Rudia mara tatu, andika namba kubwa kuliko zote. Fanya hivyo ukiamka, katikati ya zamu, ukitoka kazini na kabla ya kulala, kwa wiki nne, siku za kazi na siku za mapumziko, ukiandika pembeni siku hiyo ulikuwa hopani, ulifagia, au ulikuwa nyumbani. Usiruke Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo kipimo cha kulinganishia. Namba ikishuka kwa sehemu ya tano au zaidi siku za kazi na kupanda tena siku za mapumziko, umeshamletea daktari ushahidi ambao hakuna anayeweza kuubishia kirahisi.

Daktari naye akupime pumzi kwa mashine ya spairometri, na hapa kuna mtego. Ukienda siku ya mapumziko au mwezi ambao kiwanda kimefungwa, utapuliza vizuri, utaambiwa u mzima, na karatasi hiyo itatumika dhidi yako baadaye. Ombeni, wewe na mwakilishi wenu wa usalama na afya kazini, mpimwe Jumatatu asubuhi kabla ya zamu na Jumatatu hiyo hiyo mkitoka. Tofauti ya hapo ndiyo tunayoitafuta. Hospitali kubwa chache zina pia kipimo cha gesi ya naitriki oksaidi kwenye pumzi. Kinapanda zaidi kwa wenye mzio kuliko kwa wale wanaosumbuliwa na endotoksini, kwa hiyo kikitoka kawaida usivunjike moyo ukadhani unasingizia ugonjwa. Ukikikosa, si hasara kubwa. Daftari lako na spairometri vinatosha kuanzia.

Maziwa. Hili nimeulizwa na watu wa saruji, wa rangi, wa mbao, wa unga, na jibu halibadiliki. Maziwa yanashuka kwenye koo la chakula hadi tumboni. Vumbi liko kwenye koo la hewa na mapafu. Njia hizo mbili zinaachana hapo shingoni, na tone la maziwa likikosea njia likaingia upande wa hewa utapaliwa hadi utoe machozi. Hakuna kiasi cha maziwa kitakachoosha mapafu. Ni chakula kizuri, kinywe, kinasaidia mwili kama chakula kingine. Kinachonikasirisha ni pale ambapo bilauri ya maziwa inakuwa ndiyo mpango mzima wa kiwanda wa kudhibiti vumbi, na mfanyakazi anaambiwa kwamba akiugua ni kwa sababu hakunywa ya kwake. Hela ya maziwa ya msimu mmoja, kwa watu wote wa zamu, ingenunua vitu vya maana.

Vitu gani? Vumbi linakamatwa pale linapozaliwa. Likishatawanyika kwenye jengo zima, umeshindwa, kilichobaki ni kujificha. Kwa kazi yako mahali pa kwanza pa kutazama ni hopa. Gunia linapoinuliwa juu na kumwagwa kwa mkupuo, kahawa inaanguka umbali mrefu, inasukuma hewa iliyokuwa humo, na hewa hiyo inarudi usoni kwako imebeba vumbi lote. Mdomo wa hopa ukizungushiwa kuta pande tatu na kuezekwa, ukawekewa pazia zito la plastiki upande wa kumwagia, na feni ya kunyonya ikafungwa kwa ndani ikipeleka vumbi kwenye saikloni (pipa linalozungusha hewa ili vumbi lianguke chini) au mifuko ya kichujio nje ya jengo, hewa ya pale ulipo inabadilika siku hiyo hiyo. Fundi wa kawaida wa bati anaweza kutengeneza kibanda hicho. Kumwaga polepole, gunia likiwa limelala ukingoni, kunapunguza vumbi hata kabla feni haijanunuliwa. Angalieni na maungio ya mabomba na elevata, ile mashine ya kupandishia kahawa juu. Mahali penye alama ya vumbi la kahawia iliyochanua ukutani kama feni, hapo mashine inavuja, na kiraka cha mpira kinatosha.

Kazi ya pili kwa ubaya, wakati mwingine ya kwanza, ni hiyo ya kufagia jioni. Vumbi lililotulia sakafuni ni lile laini kabisa, na ufagio mkavu unalirudisha hewani likiwa na endotoksini yake yote. Mbaya kuliko ufagio ni mpira wa kompresa, ule wa kupulizia mashine na nguo. Upigwe marufuku, hasa kwenye nguo na mwili. Kiwanda kinunue mashine ya kunyonya vumbi ya viwandani yenye kichujio kizuri. Kama bado, mwage majani au pumba za mbao zilizoloweshwa kidogo, msubiri kidogo, kisha mfagie polepole kuelekea upande mmoja, milango ikiwa wazi na mashine zimezimwa, na wasiohusika wawe wametoka. Msilowanishe sakafu hadi maji yatuame, mtakuwa mnawalea bakteria wapya.

Kama mwenye kiwanda hajali kikohozi, labda atajali jengo lake. Vumbi laini la chakula likitanda hewani na kukutana na cheche linalipuka. Mwaka 1878 kinu cha unga cha Washburn A huko Minneapolis, Marekani, kililipuka kwa vumbi la unga na watu 18 wakafa. Baada ya hapo ndipo vinu vya kule vilipotilia mkazo kunyonya vumbi.

Ubora wa kahawa nao unahusika, na hapa chama cha msingi na wakulima wanaingia. Kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja au maturubai, ikageuzwa mara kwa mara na kufikishwa kiwandani ikiwa kavu sawasawa, inakuja na ukungu na bakteria wachache kuliko ile iliyokokotwa udongoni. Mkulima anapata bei nzuri, mnunuzi anapata kahawa isiyonuka udongo, na wewe unapata hewa. Hili nalisema kwenye kila mkutano ninaoalikwa.

Barakoa inakuja baada ya hayo yote, lakini kwa kuwa hopa haitatengenezwa kesho, uivae kuanzia leo. Kitenge ulichojifunga puani hakizuii chembe ndogo. Kinazuia zile kubwa ambazo pua ingezizuia yenyewe. Barakoa ya buluu ya hospitali nayo haibani pembeni, hewa inapita mashavuni. Tafuta yenye maandishi N95 au FFP2, yenye mikanda miwili, mmoja juu ya masikio na mwingine shingoni. Bonyeza kibati cha puani, kisha puliza. Ukihisi hewa ikipenya machoni, haijakaa. Ikilowa jasho au ukiona kuvuta pumzi kumekuwa kuzito, badilisha, usiifue. Ivae unapomwaga na unapofagia bila kuivua katikati kwa ajili ya kuongea, maana dakika chache za bila barakoa kwenye wingu lile zinakula faida ya saa nzima. Kuwapa barakoa hizo ni wajibu wa mwajiri, zisikatwe kwenye mshahara. Nguo za kazi ziache kiwandani au zifuliwe peke yake. Usimbebe mtoto ukiwa umevaa gauni la hopani.

Kuhusu dawa. Inhela ya bluu, salbutamoli, inalegeza misuli ya mirija na kukupa pumzi kwa saa chache. Haipunguzi uvimbe wa ndani. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Anatakiwa awe na inhela yenye steroidi inayotuliza uvimbe, hata kama dalili ni chache. Daktari akithibitisha pumu, mwulize hilo waziwazi. Inhela ya steroidi haileti madhara kama vidonge vya steroidi vinavyomezwa kwa muda mrefu, ukikumbuka kusukutua mdomo baada ya kuivuta. Jambo ninalolihofia ni mfanyakazi anayevuta salbutamoli chooni katikati ya zamu ili arudi hopani. Dawa imemfungulia mirija, na vumbi sasa linaingia ndani zaidi. Ikifika hapo, kazi ile imeshamshinda mwili, na lazima msimamizi ajue.

Je, uache kazi? Kama vipimo vitaonyesha ni endotoksini, kwa kawaida haihitajiki kuacha kiwanda. Inahitajika kuondoka hopani na kwenye ufagio, upelekwe kwenye mizani, stoo ya kahawa safi, au kupanga magunia nje, na hopa yenyewe irekebishwe ili atakayechukua nafasi yako asianze ulipoishia. Kama ni mzio, jibu langu ni gumu zaidi. Kuhama kitengo mara nyingi hakutoshi, barakoa haitoshi, na anayekaa kwenye vumbi huku anatumia dawa huendelea kuharibika. Wanaoondoka mapema, dalili zikiwa bado changa, ndio wenye nafasi nzuri zaidi ya kupona. Wanaong'ang'ania miaka mingi hubaki na pumu hata baada ya kuondoka. Ninajua maana ya kumwambia mama mwenye watoto wa kusomesha aache kazi ya msimu. Ndiyo sababu ninataka tujue kwanza ni ipi kati ya hizo mbili, kabla hujaandika barua yoyote.

Usiache kabla ya kupimwa na kuandikwa. Ukishaondoka, vumbi limeondoka, pumzi imerudi, na kuthibitisha kunakuwa kazi kubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapime wafanyakazi afya kabla ya kuanza kazi na wakiwa kazini, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ndiyo inayosimamia. Ugonjwa unaotokana na kazi unahesabika sawa na ajali kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango wake unatoka kwa mwajiri, wewe hukatwi kitu. Mwombe daktari aandike kwenye cheti maneno kamili: kazi unayofanya, tangu lini, dalili zinaanza saa ngapi na zinaondoka lini. Cheti kinachosema "kifua" tu hakitakufikisha popote. Tunza pia mkataba, kadi za zamu na karatasi za malipo, kwa sababu kwa mfanyakazi wa msimu hizo ndizo zinazoonyesha ulikuwapo. Na kama wenzako wa hopani nao wanabanwa Jumatatu, nendeni pamoja. Mmoja akilalamika anaitwa mvivu, sita wakilalamika kwa daftari mkononi wanasikilizwa.

Kuna hali ambazo hazisubiri daftari wala Jumatatu: ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikigeuka rangi, au inhela isipokupa nafuu. Hapo unapelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa mdogo wako. Mtu mwenye pumu tangu utotoni ana mirija inayokaza upesi, na chumba cha kukobolea ni mahali pabaya mno kwake. Asiende kwenye hopa, kwenye mashine, wala kwenye kufagia, hata kwa wiki moja ya kujaza nafasi ya mtu. Kama kuna kazi ya nje, kwa mfano kuhesabu magunia yanayoshushwa au getini, na pumu yake imetulia kwa dawa, apimwe pumzi kabla ya kuanza na nakala ya kipimo hicho aitunze mwenyewe. Mwambie aitaje pumu yake kwenye fomu. Vijana wengi wanaificha wakiogopa kukosa kibarua, halafu kipimo cha kwanza cha pumzi zao kinafanyika siku wameletwa hospitali wamebebwa. Na katika mwezi wake wa kwanza umfuatilie wewe: akianza kukohoa usiku, au akamaliza inhela yake ya bluu mapema kuliko kawaida, mrudishe nyumbani kabla wiki haijaisha.